Nge Katika Chupa

Nge sote twamjua, na aliyepata kuumwa naye hana haja ya kuelezwa habari zake. Lakini kujua ni nge wa namna gani ni jambo jingine. Wako nge ambao sumu yao huua mtoto, na wako ambao uchungu wao hauzidi wa nyuki. Na dawa iliyofanywa kwa sumu ya namna moja huenda isimfae aliyeumwa na namna nyingine. Kwa hiyo jina likikosewa, hasara yaweza kumfikia mgonjwa.

Jina hutoka wapi? Hutoka chupani. Katika nyumba za makumbusho za Paris, London na Hamburg wamewekwa nge wengi ndani ya spiriti, kila mmoja na kikaratasi chake. Yule ambaye kwake jina lilitolewa mara ya kwanza ndiye shahidi wa jina hilo. Ikizuka shaka, huulizwa yeye.

Na shaka huzuka, maana spiriti hufifiza rangi, na dume huenda asifanane na jike. Tazama nge mmoja wa pwani yetu, mwembamba, mwenye madoadoa, ambaye dume wake ana mkia mrefu ajabu. Huyu amesafiri na shehena za meli hata akaenea nchi nyingi za joto. Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden alitaja nge kwa jina la europaeus, yaani wa Ulaya. Wataalamu walipochunguza tena wakaona ni huyu huyu, ambaye Ulaya si kwao! Hata hivyo Kraepelin wa Hamburg, katika kitabu chake cha mwaka 1899, alimwandika Isometrus europaeus, kwa kuwa kanuni ni jina la kwanza kushinda. Siku hizi huitwa Isometrus maculatus, yaani mwenye madoa, kwa jina alilotoa De Geer mwaka 1778. Kwetu sisi hilo lafaa zaidi.

Kazi kubwa kupita hiyo aliifanya Max Vachon wa makumbusho ya Paris, akaitangaza katika miaka ya 1970. Katika mikono ya nge mna nywele nyembamba mno, kila mmoja umesimama ndani ya kishimo chake, nazo hutikisika kwa upepo mdogo kabisa. Vachon alizihesabu kwa hadubini, akaandika mahali pa kila mmoja, akaona mipango mitatu ya asili, nayo ikasaidia kuzipanga upya jamaa za nge. Unywele hukatika, bali kishimo hubaki, hata kwa nge aliyekaa chupani miaka mia.