Mchoro Hutangulia Nyumba: Maamuzi ya Halmashauri na Nafasi ya Vyama vya Ushirika

Gunia la viazi linalotoka Umalila halimalizi safari yake linapopakiwa katika lori. Safari hiyo huishia mjini, na kwa mazao mengi ya Nyanda za Juu Kusini mji huo ni Mbeya, katika masoko kama lile la Soweto. Huko ndiko yanakoonekana matokeo ya maamuzi ambayo mkulima hakuyasikia yakifanywa: lori lisimame wapi, ushuru uwe kiasi gani, njia ipi ipanuliwe, kiwanja kipi kiwe cha ghala na kipi kiwe cha makazi. Maamuzi hayo humgusa mwanachama mfukoni hata kama nyumba yake iko mbali na jiji.

Makala haya yanaeleza jinsi maamuzi hayo yanavyofikiwa, nani mwenye madaraka juu ya jambo gani, na ni wakati upi chama cha msingi kinaweza kusikilizwa. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: katika shughuli za mji, mchoro hutangulia nyumba, na kikao hutangulia mchoro. Anayengoja kuona tingatinga ndipo aandike barua amechelewa kwa hatua tatu au nne.

FUNDISHO KATIKA JINA

Jina la Soweto linajulikana duniani kwa ajili ya mji wa Waafrika ulio kando ya Johannesburg, Afrika Kusini. Jina hilo, lililokubaliwa mwaka 1963, ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya Vitongoji vya Kusini Magharibi. Mji huo ulipangwa na kupimwa, na nyumba zake zilijengwa kwa mistari iliyonyooka. Lakini waliokaa humo hawakuwa na kura katika baraza lililoupanga. Waliwekwa mbali na kazi zao, wakawa wapangaji wasioweza kumiliki ardhi, na kila siku wakasafiri mwendo mrefu kwenda kuwatumikia waliowapangia.

Fundisho lake ni kwamba mipango miji pekee haitoshi. Mpango mzuri ni ule ambao anayeguswa nao alipata nafasi ya kusema kabla haujapitishwa. Nafasi hiyo Mbeya ipo kisheria. Swali ni kama vyama vinaitumia.

HALMASHAURI NA USHIRIKA: HISTORIA MOJA

Wanachama wazee watakumbuka kwamba halmashauri na vyama vya ushirika vilipatwa na mkasa unaofanana. Mwaka 1972 Serikali ilipeleka madaraka mikoani na kuvunja halmashauri za wilaya. Za miji nazo zikafuata. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Haukupita muda mrefu upungufu ukaonekana. Huduma za mijini zilidorora, na mkulima akakosa chombo chake mwenyewe cha kumsemea.

Halmashauri za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge lilitunga Sheria Na. 7 kwa ajili ya mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa ajili ya mamlaka za miji. Na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Vyama vya Ushirika iliyorudisha vyama vikuu. Halmashauri zilianza kazi upya mwaka 1984, na Katiba ikazitaja katika Ibara ya 145 na ya 146 kuwa ni vyombo vya kuwapa wananchi madaraka. Mbeya ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005.

Kwa hiyo Baraza la Madiwani na mkutano mkuu wa chama ni ndugu wawili. Vyote viwili vilifutwa, vyote viwili vikaonekana kuwa ni vya lazima, na vyote viwili hufa ganzi wenye mali wasipohudhuria.

USHAHIDI WA VIWANJA NA HUDUMA

Yako maeneo yanayoonyesha wazi tofauti kati ya kupanga mapema na kupanga baadaye. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa Viwanja na Huduma. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1974, ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili ilifika katika miji mingine, Iringa ikiwa mmojawapo. Jumla ya miji ilikuwa saba.

Mradi huo ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, ardhi isiyokuwa na makazi ilipimwa, ikachongewa barabara na kuwekewa huduma za msingi. Kisha wananchi wakagawiwa viwanja wajenge wenyewe, Benki ya Nyumba Tanzania ikiwa mkopeshaji. Pili, maeneo ambayo watu walikuwa wamekwisha kujenga bila ramani yaliboreshwa kwa kupitishiwa njia, mifereji na maji.

Baada ya miongo minne, wataalamu wa uchumi wakiongozwa na Guy Michaels walichunguza maeneo hayo kwa picha za setilaiti na kwa kuhoji watu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuhamia yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na zilizopangika vizuri zaidi, na kwamba yalifikiwa zaidi na barabara, umeme na maji kuliko maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati mradi ulipoanza. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakuonyesha mafanikio hayo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kabla ya kujenga, njia ya mita kumi ni mstari wa kalamu katika karatasi. Baada ya kujenga, njia ile ile ni ukuta wa mtu, choo cha jirani yake, na shauri barazani. Benki ya Nyumba ilikwisha kufilisika mwaka 1995, lakini mistari iliyochorwa wakati ule ingali inafanya kazi.

Ndiyo maana urasimishaji wa makazi unaofanywa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ijapokuwa unawapatia wananchi hati, mara nyingi huwalazimu wakazi kukatiana vipande vya viwanja vyao ili njia ipatikane. Chama kinachotaka kununua mahali pa ghala hakina budi kuuliza kwanza: je, eneo hili lina mchoro ulioidhinishwa, na mchoro huo unasema nini kuhusu kiwanja hiki?

NANI ANAAMUA NINI

Malalamiko mengi ya vyama hayafiki popote kwa sababu barua zimebisha hodi katika mlango usio wake. Madaraka yamegawanyika hivi:

1. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara kuu ya kwenda Zambia ipitayo katikati ya Jiji la Mbeya ni ya wakala huu.

2. Barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zilihamishiwa TARURA mwezi Julai 2017. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuzihudumia barabara hizo. Hata hivyo, vipaumbele vyake hupitia katika Baraza la Madiwani, na diwani anayo haki ya kuuliza kwa nini barabara fulani imeachwa.

3. Leseni za magari ya abiria na njia zake husimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Lakini stendi na masoko ya umma ni shughuli ya halmashauri.

4. Upangaji wa ardhi ya mji, vibali vya ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya kiwanja ni kazi ya halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Hati hutolewa na Kamishna wa Ardhi.

5. Ushuru wa mazao hutozwa na halmashauri kwa sheria ndogo, ndani ya mipaka iliyowekwa na Bunge. Mwaka 2017 Bunge lilishusha kiwango kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kumwondolea ushuru anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Mfano huu unaonyesha kwamba sheria ndogo si neno la mwisho; ina mkubwa wake.

NJIA YA UAMUZI

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi. Mpango na bajeti ya halmashauri vinapaswa kupitishwa na Baraza kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo vikao vya kuuandaa hufanyika miezi mingi nyuma. Hoja huanza katika mkutano wa mtaa, hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huchambuliwa na wataalamu wa halmashauri na kupelekwa katika kamati za kudumu za madiwani. Mambo ya ramani na viwanja huenda kwa kamati inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Mambo ya fedha huenda kwa Kamati ya Fedha na Uongozi. Mwisho hufika katika Baraza kamili, ambalo hukutana kila robo ya mwaka na ambalo mikutano yake ni ya wazi kwa wananchi.

Yafaa ieleweke kwamba katika kikao cha Baraza mambo mengi huwa yamekwisha kuiva. Mahali pa kuyapika ni kata na kamati. Vilevile, sheria ndogo haiwezi kutungwa kabla ya kutangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi, wala haipati nguvu bila kibali cha Waziri. Tangazo hilo hubandikwa ubaoni, na mara nyingi hakuna anayelisoma.

ALAMA YA X NA HAKI YA FIDIA

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mabadiliko haya yaligusa maghala, vituo vya kununulia mazao na maduka mengi kando ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za zamani huhesabiwa kuwa amevamia, naye huwekewa alama nyekundu. Aliyekuwako kihalali katika zile mita 7.5 zilizoongezwa anastahili kulipwa kabla ya kuondolewa, na kwa desturi alama yake huwa ya kijani. Jambo la kwanza kwa katibu ni kuchukua kamba ya kupimia na kujua ghala la chama liko upande gani wa mstari.

Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Haihusu thamani ya ardhi na jengo tu. Humo mna posho ya usumbufu, gharama za kuhamisha mali, posho ya makazi na faida inayopotea kwa anayefanya biashara. Kipengele hiki cha mwisho ndicho vyama hukikosa, kwa maana mthamini hawezi kukadiria faida ya chama kisichokuwa na hesabu zilizokaguliwa. Daftari lililoachwa miaka miwili bila kufungwa ni fedha iliyotupwa.

Mbeya inayajua vizuri majanga ya ghafla. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la SIDO liliungua mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Baada ya moto, swali la nani alikuwa na kizimba wapi hujibiwa kwa karatasi. Mwenye mkataba na stakabadhi husikilizwa. Mwenye mashahidi watupu hungoja.

KAZI YA KATIBU

Kwa hayo yaliyoelezwa, kila chama chenye mali au shughuli mjini kinashauriwa kufanya mambo haya:

(a) Kuweka katika jalada moja hati au mkataba wa kila kiwanja, mchoro wake, kibali cha ujenzi na stakabadhi za kodi.

(b) Kumteua mjumbe mmoja wa bodi ahudhurie mkutano wa mtaa na kufuatilia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha atoe taarifa katika kikao cha bodi.

(c) Kupeleka hoja kwa maandishi mapema, kabla bajeti haijafika katika kamati, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

(d) Kuungana na vyama vingine vinavyotumia barabara au soko hilo hilo. Barua ya vyama vitano ina uzito kuliko barua tano za chama kimoja.

(e) Kusoma ubao wa matangazo wa halmashauri na wa kata kila mwezi, na kuandika katika muhtasari kwamba umesomwa.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayohitaji mwanasheria au fedha nyingi. Zinahitaji mtu wa kuhudhuria na mtu wa kuandika, na vyama vya ushirika vimezoea yote mawili tangu siku vilipoandikishwa. Halmashauri haiwezi kujua kwamba lori la viazi linakwama kila masika katika njia ya kuingilia sokoni kama wenye viazi hawakusema kikaoni. Bodi za vyama ziweke suala hili katika ajenda ya kikao kijacho, na kila katibu aingie humo akiwa na jalada la viwanja mkononi.