Hofu ya Usiku Inapoingia Chekechea

Ndovu wakitoka mbuga ya Tsavo Magharibi usiku na kuingia kwenye migomba, wakulima wa pande za Taveta, Kenya, hugonga madebe, hupiga mayowe na kumulika tochi mpaka wanyama warudi. Mtoto wa miaka 4 aliyelala chumba cha pili huyasikia yote. Asubuhi anavishwa sare, anafika chekechea pale Mboghoni, na kengele inalia. Katika shule nyingi za vijijini kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa chuma. Mlio wake na ule wa debe la usiku ni ndugu.

Mtoto anaruka. Au anajikojolea, au anampiga mwenzake aliyemgusa bega tu. Neno la haraka la kumweleza ni "mtundu", na kwa maoni yangu neno hilo limewaumiza watoto wengi, kwa sababu likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Hicho ndicho mlinzi wa hatari, na kikishtuka hakingojei sehemu ya mbele ya ubongo, inayofikiri na kujizuia, itoe ruhusa. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Homoni ya kotisoli inafuata ili mwili ukae macho. Hatari ikipita na mtoto akapakatwa, mwili hutulia. Lakini hofu ikijirudia, iwe ni Mto Lumi kufurika, ugomvi nyumbani, kipigo au msiba, na hakuna mtu mzima wa kumtuliza, mlinzi yule huzoea kukesha. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ingemrudisha kwenye zamu yake, hukomaa kabisa mtu akiwa na miaka 20 na zaidi. Kumwambia mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, "jizuie" ni kumdai asichonacho bado.

Wapo pia wasiopiga wala kulia. Wanaganda. Mtoto anakaa pembeni, hagusi udongo wa kufinyanga, hasemi, na watu wazima wanamsifu kwa upole wake. Huyo ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana anaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kugundua.

Mchezo hufichua mengi. Mtoto aliyeona maji yakiingia nyumbani atajenga nyumba ya mchanga na kuimwagia maji, leo, kesho na keshokutwa. Asikatazwe. Mwalimu achuchumae karibu, na mchezo ukizunguka palepale bila nafuu, aulize taratibu: "Sasa nani anakuja kuwasaidia?" Watu wa nyumba ile ya mchanga wakipata njia ya kutoka, mtoto naye huanza kuiona. Asilazimishwe kusimulia yaliyompata, hasa mbele ya wenzake. Akisema mwenyewe, kwa Kitaveta, Kidawida, Kikamba au Kiswahili, asikilizwe kwa lugha hiyohiyo.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Mpokee mtoto mlangoni kwa jina lake kila siku, kwa wimbo uleule. Mwambie kinachofuata kabla hakijafika: "Tukimaliza kupaka rangi, tunanawa mikono." Kengele ya chuma ibadilishwe kwa makofi au wimbo. Tandika mkeka kwenye kona, mahali anapoweza kuuona mlango, aende kutulia pale bila kuadhibiwa. Uji ukija, wafundishe wote kuupuliza polepole. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha neva inayopunguza mwendo wa moyo, na mtoto akishaizoea kwenye kikombe cha uji, ataweza kuipuliza hata pasipo kikombe. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kwa mtoto huyu kiboko kinathibitisha kile kile mwili wake unachohofia: kwamba hata hapa si salama.

Je, mwalimu mmoja anatosha kubadilisha chochote? Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya wale waliokulia katika dhiki nzito, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye maisha yaliyotengemaa. Katika maisha yao alikuwepo mtu mzima wa kutegemewa, na si lazima awe mzazi. Wengine walimtaja mwalimu.

Mwalimu hata hivyo si daktari. Jinamizi, kushtuka au kuganda kukiendelea zaidi ya mwezi, au mtoto akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, mzazi ashauriwe kumpeleka hospitali. Pakiwa na dalili za kupigwa au kunajisiwa, pasingojwe hata siku moja: nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, mchana na usiku.

Mwalimu naye anaishi kando ya mto uleule, na huenda usiku ule alikuwa miongoni mwa waliogonga debe. Hawezi kumtuliza mtoto ilhali yeye mwenyewe anatetemeka, peke yake mbele ya darasa lililojaa. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Basi bajeti ya madarasa na madawati inapoandikwa, mafunzo ya mwalimu huyu na mshahara wa msaidizi wake viandikwe kwenye ukurasa uohuo.