Likizo ya uzazi: Je, mwajiri umejitayarisha?

Kuzaa si ugonjwa, lakini mama aliyejifungua huhitaji muda wa kupata nafuu, na mtoto mchanga huhitaji maziwa yake. Ikiwa unaendesha duka mjini Busia, ofisi ya mawakala wa forodha kule Malaba au shule ya kibinafsi huko Budalang'i, jitayarishe kabla mfanyakazi wako hajafikia miezi yake.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Baba hupewa wiki mbili, pia kwa mshahara kamili. Sheria ya zamani ilimpa mama miezi miwili tu, naye akapoteza likizo yake ya mwaka. Siku hizi hapotezi. Akirudi, ana haki ya kupata kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Kumfuta kwa sababu ya mimba ni kosa.

Usidhani kibarua hahusiki. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi miwili au zaidi aweza kudai haki kama wengine.

Mwenye ofisi pande zote mbili za mpaka asichanganye mambo. Sheria ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi na baba siku nne.

Pengo la miezi mitatu

Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Likizo ni miezi mitatu. Hiyo mingine mitatu iko mikononi mwako wewe mwajiri.

Mama asiponyonyesha wala kukamua maziwa kutwa nzima, matiti huvimba na kuuma, na polepole maziwa hupungua. Ndipo mtoto huanzishiwa uji mapema, na kuhara kukafuata.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Pawe na kiti, meza ndogo, maji ya kunawa mikono, umeme na friji au kifaa kingine cha kupozea. Choo hakikubaliki. Mama apewe pia nafasi isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne hivi nje ya friji, na siku nne ndani yake. Kwa joto la Busia, yatie mahali pa baridi mara moja.

Anza hivi

• Andika utaratibu wa likizo, kila mfanyakazi ausome.

• Mama hutakiwa kutoa taarifa ya maandishi siku saba kabla ya kwenda likizo. Hata hivyo, zungumzeni mapema ili atakayeshika kazi yake afundishwe.

• Chanjo za mtoto hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ile ya wiki 14 huweza kumkuta mama amekwisha kurudi kazini. Mruhusu aende kliniki, kwani chanjo hiyo humkinga mtoto na polio, kifaduro na nimonia.

• Baba asinyimwe wiki zake mbili. Huo ndio wakati mama anapohitaji sana msaidizi.

Mama asiye na wasiwasi juu ya mtoto wake hufanya kazi kwa moyo, na mtoto mwenye afya hamwondoi mzazi kazini kila wiki.