Seva ya Wananchi: Kununua Si Kutunza

Siku hizi mkulima wa Mtowisa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, hupata habari za bei ya mpunga kwa simu. Lakini mazungumzo yake huhifadhiwa katika mashine za makampuni ya ng'ambo, ambayo yaweza kubadili masharti bila kumuuliza. Je, wananchi waweza kuwa na seva yao wenyewe?

Seva ni kompyuta isiyozimwa: hupokea ujumbe, huuhifadhi, na huutoa kila unapohitajika. Kuinunua ni jambo la siku moja. Kuitunza ni jambo la kila siku.

Tuchukue mfano. Tuseme wakulima, walimu na wavuvi 500 wanaungana. Kila mmoja akituma picha 2 kwa siku, zenye kilobaiti 300 kila moja, kwa mwaka zitakaribia gigabaiti 110. Kwa kuwa diski huweza kufa ghafla, nakala mbili zaidi zahitajika, moja ikiwekwa mbali. Jumla gigabaiti 330. Mashine ya wati 60 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 525 za umeme kwa mwaka. Wanachama wakifika 5,000, picha huongezeka mara kumi. Tena lazima awepo mtu wa kuamka usiku mashine inapokwama, na wa kuamua ugomvi na kuondoa matusi.

Ukuaji huu huweza kuja kwa kishindo. Mastodon ni programu huria iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, ambayo huziwezesha seva nyingi zilizo huru kuwasiliana. Elon Musk aliponunua Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi waliongezeka kutoka kama 300,000 hadi milioni 2.5 kufikia Novemba. Kwa kuwa kila seva huhifadhi pia nakala za picha zitokazo kwenye seva nyingine, diski zilijaa upesi, na wasimamizi wengi waliokuwa wakijitolea walilazimika kuomba michango.

Gharama nyingine hazimo katika mashine. Nchini mwetu, JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, ilisimamisha huduma kwa muda mwezi Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni. Ada zake, pamoja na ya maombi na ya kila mwaka, zilifikia shilingi 2,100,000.

Ni nani basi alipe? Mfadhili mmoja hutoa fedha nyingi, lakini akiondoka, huondoka na seva. Wanachama 500 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, hupatikana shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Na hata mmoja kati ya kila kumi asipotoa, hubaki 2,700,000. Zaidi ya hayo, idadi ya watumiaji inapokua, mfuko nao hukua.

Vijiji vyetu vyajua somo hili kutokana na pampu za maji. Palipo na kamati, daftari la mapato na akiba ya vipuri, maji hutoka; palipokuwa na sherehe ya uzinduzi tu, pampu huota kutu. Yatupasa, kabla ya kununua seva, tununue kwanza daftari.