Mbuzi wa Hawaii na Rovu la Ng'ombe wa Queensland

Lusina ni mti wa jamii ya mikunde wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, nao umeenea karibu katika nchi zote za joto. Katika vijiji vya Tanga majani yake hukaushwa na kusagwa yawe chakula cha mifugo cha kiangazi. Protini iliyomo huzidi asilimia 20, kiasi ambacho nyasi kavu haziwezi kukikaribia. Hata hivyo, majani hayo, hasa machipukizi, yana mimosini, asidi amino yenye sumu. Punda, farasi na sungura wakilishwa lusina kwa wingi hunyonyoka manyoya.

Kwa wanyama wanaocheua hali ni tofauti, nayo ni ya hila zaidi. Bakteria wa tumbo la kwanza huivunja mimosini upesi, na mtu angedhani kwamba hatari imekwisha. Sivyo. Hubaki kemikali iitwayo DHP, ambayo huingia katika damu na kuizuia tezi ya thairoidi isiunganishe iodini na protini, hatua ambayo bila hiyo homoni za tezi haziundwi. Homoni zikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huichochea thairoidi bila kukoma, nayo huvimba. Katika jimbo la Queensland, Australia, ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walipata rovu, wakadondosha mate, wakakosa hamu ya kula na kukonda huku malisho mema yakiwa mbele yao.

Mhudumu wa afya anafaa kulipima jambo hili kwa rovu la binadamu. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walihusisha rovu na muhogo usioandaliwa vizuri pamoja na upungufu wa iodini. Sianidi ya muhogo hugeuzwa mwilini kuwa thiosianati, ambayo huizuia iodini isiingie katika tezi. Kwa hiyo chumvi yenye madini joto husaidia. DHP huzuia hatua ya baadaye, wakati iodini imekwisha kuingia. Ndiyo maana kuwapa ng'ombe wale iodini hakukuwaponya. Uvimbe ni ule ule kwa macho, ilhali kasoro si moja.

Raymond Jones, mtafiti wa malisho katika shirika la utafiti la Australia, CSIRO, alikuwa na swali jingine. Mbuzi wa Hawaii walikula lusina nyingi wala hawakuugua. Lusina ilikuwa ile ile, na mbuzi walikuwa mbuzi. Huenda tofauti ilikuwa katika viumbe wasioonekana waliomo tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwatia mifugo wa Australia vijidudu kutoka matumbo ya mbuzi wa Indonesia, na kisha wa Hawaii. Wanyama waliopokea walianza kuivunja DHP. Kilichowafurahisha wafugaji zaidi ni kwamba uwezo huo uliwafikia hata ng'ombe wengine waliolisha pamoja nao. Mwaka 1992 Milton Allison wa Marekani na wenzake walimweleza rasmi bakteria mhusika, wakamwita Synergistes jonesii kwa heshima ya Jones.

Madaktari wa binadamu walikuja kuifuata njia inayofanana. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba wagonjwa wenye kuhara kunakorudi-rudi kwa sababu ya bakteria Clostridioides difficile walipona zaidi kwa kupewa kinyesi cha mtu mwenye afya kilichoandaliwa hospitalini kuliko kwa dawa ya vankomaisini. Neno "kilichoandaliwa" lina uzito wake: mtoaji huchunguzwa kwanza, kwa kuwa kinyesi hubeba pia maradhi. Tiba hiyo si ya kujaribiwa nyumbani.

Mfugaji asiyejua mifugo wake wana bakteria gani hushauriwa kutozidisha lusina kupita takriban asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe, na kuwazoesha polepole. Singa za mkia zikianza kunyonyoka, lusina isitishwe na mganga wa mifugo aitwe.

Kisa chenyewe hakijafungwa. Tafiti za karibuni, zikiwamo za Indonesia, zimewakuta ng'ombe wanaonawiri kwa lusina huku mkojo wao ukiwa na DHP nyingi. Inaelekea ini lao huifunga kemikali hiyo kwa asidi ya glukuroniki, ikapoteza makali yake na kutolewa na figo. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu sasa wanauliza iwapo kila kundi linahitaji kupewa bakteria wale wa Jones, au kama ng'ombe aliyezoeshwa taratibu hujikinga kwa ini lake mwenyewe.