Nyawawa Aliyehamia Kibera

Upepo mkali unapovuma usiku kutoka Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, na mtu mmoja akadai kwamba ndani ya upepo huo amesikia sauti za watu wasioonekana, basi katika mitaa ya Kisumu huanza jambo ambalo mgeni hulistaajabia na mwenyeji hana haja ya kuelezwa: huyu anagonga sufuria, yule anapiga debe, wa tatu anabisha bati la ukuta wake kwa mwiko, na kelele hiyo hupokewa nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa, mpaka hao nyawawa, yaani roho zisizo na makao, wasukumwe warudi ziwani walikotoka. Sisi wa Nyalenda tunaijua kelele hiyo tangu utoto, na kila mmoja wetu ana mahali alipokuwa amejificha alipoisikia mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba imetoka filamu ambayo ndani yake nyawawa amehama ufuo wa ziwa na kufanya maskani katika mtaa wa Kibera, mjini Nairobi, nilitaka kujua ni nani aliyempeleka huko, na kwa idhini ya nani. Filamu hiyo huitwa Soul Boy, ilitoka mwaka 2010, na huchukua muda wa saa moja hivi. Kisa chake ni cha Abila, mvulana wa miaka 14, ambaye asubuhi moja anamkuta babake yu taabani, akinena kwamba roho yake imechukuliwa na mwanamke. Na Abila, akisaidiwa na rafiki yake Shiku, msichana wa Kikuyu, anamtafuta nyawawa huyo mpaka wanakutana uso kwa uso, naye anampa majukumu saba ya kutimiza kabla baba hajapotea kabisa. Mswada uliandikwa na Billy Kahora, na mwelekezi alikuwa Hawa Essuman, wakati huo bado kijana katika kazi hiyo. Na walioigiza wengi walikuwa watoto na wakazi wa Kibera yenyewe, watu ambao hawakuhitaji kufundishwa namna ya kupita katika vichochoro vyao.

Wala si ajabu nyawawa kuonekana Kibera. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence, ndiyo iliyowachukua babu na baba zetu kwenda Nairobi kutafuta riziki, na hata leo inapita katikati ya Kibera, ambako Kijaluo husikika mlango kwa mlango. Mtu akihama na godoro lake na sufuria yake, huhama pia na hofu zake. Mwandishi wa mswada alilitambua hilo, na ndiyo sababu filamu hiyo ikawa na uzito kuliko hadithi nyingi za kutisha: jini lake lina nasaba, lina kwao, na mtazamaji wa Kisumu anaweza kukuonyesha kwa kidole upande lilikotoka.

Kampuni iliyoitayarisha ni One Fine Day Films, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Tom Tykwer, mwelekezi mashuhuri wa Ujerumani ambaye jina lake lilienea duniani kwa filamu yake ya mwaka 1998, Lola rennt, pamoja na mkewe Marie Steinmann, ambaye alikuwa tayari akijishughulisha na mafunzo ya sanaa kwa watoto wa Kibera. Upande wa Nairobi walishirikiana na kampuni ya Ginger Ink, na miongoni mwa watayarishaji waliobeba mzigo wa kazi hiyo mwaka baada ya mwaka ni Sarika Hemi Lakhani. Msomaji mwenye hadhari ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, kama hiyo si hekaya ya zamani tu katika kanzu mpya, ya ajnabi ajaye na kamera kutupiga picha sisi na umaskini wetu.

Swali hilo lina historia yake katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema ya mafunzo uliofanya makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, ambao ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, siha na adabu ya kuweka akiba, kisha ukazizungusha kwa lori vijijini, hata Kenya na Uganda. Waafrika walionekana katika picha zile, wakabeba vyombo, wakatafsiri maneno. Ila kuamua kisa kiwe kipi, kianzie wapi na kiishie kwa funzo gani, hilo lilikuwa mikononi mwa Wazungu. Hata baada ya Uhuru, wageni waliendelea kuja kupiga filamu kubwa kubwa katika mbuga zetu, na wenyeji wakaendelea kuwa wapagazi na wapita njia nyuma ya simba.

Jawabu la One Fine Day lilikuwa kanuni moja, nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: mwelekezi awe wa hapa, mwandishi awe wa hapa, na mgeni mwenye ustadi asimame nyuma ya bega lake, amjibu akiulizwa. Baada ya Soul Boy kanuni hiyo ilipewa mwili kamili. Kwa ushirikiano na DW Akademie, chuo cha Deutsche Welle, ambayo wazee wetu huijua kwa idhaa yake ya Kiswahili, paliandaliwa Nairobi warsha za filamu ambamo vijana kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika walifundishwa kila mmoja fani yake: huyu uelekezi, yule kamera, mwingine sauti, mwingine uhariri, mwingine kupamba mandhari ya filamu. Kisha, ilhali somo bado li moto vichwani mwao, waliochaguliwa walipewa filamu nzima kuitengeneza, filamu ya kuonyeshwa kwa hadhira inayolipa kiingilio, si zoezi la kuwekwa kabatini.

Tunda la kwanza la mpango huo lilikuwa Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na David Tosh Gitonga, ambaye kabla yake alikuwa msaidizi wa mwelekezi katika kazi za wengine. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa filamu hii ndiyo iliyobadilisha fikira za watu wetu juu ya sinema ya nyumbani. Mwas, kijana wa mashambani, anauza filamu za kigeni, na ili wateja wanunue anawaigizia vituko vyake hapo hapo barabarani, kwa sauti na mikono na macho, hata mtu anajikuta amelipia filamu kwa sababu ya mchuuzi wake. Anakwenda Nairobi kutafuta kuwa mwigizaji. Anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa korokoroni bila hatia, na huko anakutana na Oti, kiongozi wa kundi la vijana wanaoiba vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili, usiku kwa wezi na mchana jukwaani, na kila upande unamdai nafsi yake yote.

Joseph Wairimu, aliyekuwa Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo, na filamu yenyewe ikawa ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuiwasilisha kugombea tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Lakini naona heshima yake kubwa zaidi ni lugha. Watu wake wanasema Kiswahili, Kikuyu na Sheng kama wasemavyo watu wazima walioudhiwa, waliochoka au wenye njaa, bila kusafishwa kwa ajili ya sikio la mgeni. Na katika mabanda ya video, ambako tulizoea filamu za Hong Kong na Marekani zikitafsiriwa kwa kelele na mtu aliyeshika kipaza sauti, palikuwa sasa na picha isiyohitaji mfasiri. Vijana wa Nyalenda, ambao kwao Mwas si mtu wa kubuniwa, wanamjua kwa jina la ndugu zao waliopanda basi la usiku.

Zilizofuata nazitaja kwa haraka zaidi, ingawa kwa moja nitasimama kidogo. Something Necessary ya mwaka 2013, iliyoelekezwa na Judy Kibinge, ni habari ya mama anayejaribu kuijenga upya nyumba yake baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, na ya kijana aliyeshiriki katika ghasia hizo na sasa hana raha. Kisumu ilifiwa na kuunguliwa katika majuma yale, na hadi leo baadhi yetu hupita penye duka fulani la zamani bila kutazama. Kwa hiyo siwezi kuipima filamu hiyo kwa mizani ya ufundi peke yake. Nasema tu kwamba ilithubutu kumketisha mtendwa na mtenda katika kisa kimoja, ilhali maneno bado yalikuwa makali, nayo haikumwondolea yeyote hesabu yake. Veve, ya Simon Mukali, mwaka 2014, ilikwenda Meru kwenye mashamba ya miraa na siasa zake. Kati Kati, ya mwaka 2016, iliyoelekezwa na Mbithi Masya, mmoja wa wanamuziki wa Just A Band, inamweka Kaleche nyikani pasipo kumbukumbu, kati ya watu ambao wote wamekwisha kufa. Nayo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Lusala, ya mwaka 2019, ya Mugambi Nthiga, ni ya kijana asiyeweza kuyakimbia aliyoyapata utotoni.

Na kabla ya Lusala ilikuja Supa Modo, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, iliyoonyeshwa Berlin katika sehemu ya filamu za watoto na vijana. Jo, msichana wa miaka tisa, anaugua maradhi yasiyo na dawa, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa sinema mwenye nguvu za ajabu. Mamake anataka abaki ndani apumzike. Dadake anataka siku zilizobaki ziwe na furaha. Na mwishowe kijiji kizima kinakubaliana kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo mwenyewe. Sijui filamu nyingine ya nchi hizi iliyoeleza kwa upole namna hiyo kwa nini maskini ahangaike na sinema hali dawa imeshindikana kupatikana, kwa maana hapo kijiji hakitazamii faida yoyote, kinampa mtoto kimo anachokitaka kabla jua halijatua.

Ukiyatazama majina utaona jambo ambalo bango la filamu halikuambii. Nthiga, kabla ya kuelekeza Lusala, alikuwa mmoja wa walioandika Kati Kati na Supa Modo. Walioandika Supa Modo pamoja naye, Wanjeri Gakuru na Silas Miami, ndio waliorudi kuandika Lusala. Hawa Essuman alikwenda kushirikiana na Anjali Nayar katika Silas, filamu ya mwaka 2017 juu ya mtetezi wa misitu wa Liberia. Kibinge alianzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki. Huo ndio mtaji uliobaki nchini baada ya kila mgeni kupanda ndege.

Lakini mizani ya haki hutaka nitaje pia upande wa pili wa ziwa. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala unaofanana na Nyalenda kwa mabati na mifereji yake, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha mwaka 2005 kampuni yake ya Ramon Film Productions, iliyopewa jina kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Hakuwa na chuo cha Ujerumani wala mfuko wa serikali yoyote; kompyuta aliziunga mwenyewe, silaha za kuigizia zikaundwa kwa vyuma vikuukuu, na waigizaji wenyewe walitembeza santuri za filamu wakaziuza mlango kwa mlango. Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, mwaka ule ule wa Soul Boy, imetazamwa ulimwenguni kote. Picha zake hazina utulivu wa Kati Kati, wala hazikuutafuta. Zina uhuru wa mtu asiyemwandikia mfadhili barua ya kuomba. One Fine Day imetufunza ustadi, na ustadi ni neema. Ila fedha zake zimetoka mbali, na jambo litokalo mbali hungoja idhini ya mbali.

Nami nina dai langu, nalisema bila kinyongo. Katika filamu hizo zote saba, hakuna hata moja iliyofanya ufuo wetu kuwa uwanja wake. Nyawawa alichukuliwa, akasafirishwa, akapewa nyumba Kibera, na alikotoka hakukupigwa picha. Hapa Nyalenda pana vijana waliokwisha kuigiza katika kumbi za Pandpieri, wapo wanaopiga picha za arusi na matanga kwa kamera nzuri na jicho zuri kuliko kamera, na pana hadithi ambazo bibi zetu huzianza tu umeme unapokatika. Teremka jioni hadi Dunga, usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena wanapotoka na mitumbwi yao, kila mmoja na taa zake zikielea juu ya maji kuwavuta samaki, mpaka ziwa zima linakuwa kama mji mwingine mkabala na mji wetu. Nyuma yako, juu kidogo, mtu anaanza kupiga debe, na wa pili anampokea.