Kompyuta ya Zamani Isiyowaka Ipasavyo: Kagua Mipangilio ya Uwashaji Kabla ya Kuitupa

Mwananchi anawasha kompyuta yake ya zamani ili awasilishe maombi katika mfumo wa Serikali, lakini anapata onyo kuwa tovuti hiyo si salama. Mara nyingi tovuti haina kosa. Saa ya kompyuta ndiyo iliyorudi nyuma, kwa mfano hadi mwaka 2012, na cheti cha usalama cha tovuti, ambacho kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, huonekana kuwa bado hakijaanza kutumika. Siku ya mwisho ya kupokea maombi haisubiri saa hiyo.

Chanzo huwa ni betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta. Huendesha saa na, katika kompyuta za zamani, hutunza mipangilio ya uwashaji, yaani BIOS, umeme unapokatika. Ikiisha nguvu, mipangilio hurejea kama ilivyotoka kiwandani. Aghalabu ni CR2032 ya volti 3. Namba hizo humaanisha kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2.

Mwenye haraka anaweza kurekebisha tarehe ndani ya Windows, ingawa itapotea tena umeme ukikatika. Ikiwa Windows yenyewe haiwaki, afungue BIOS kwa kubonyeza kitufe mfululizo mara tu baada ya kuwasha: F2 kwa kompyuta nyingi za Dell, F10 kwa HP na F1 kwa Lenovo za ofisini. Katika ukurasa wenye neno Boot, diski yenye Windows iwekwe ya kwanza, kwani huenda kompyuta inatafuta mfumo kwenye flashi au mtandao.

Kabla ya kubadilisha chochote, kila ukurasa upigwe picha kwa simu. Kipengele cha kuogopwa zaidi ni kile cha namna diski inavyosomwa, chenye maneno AHCI, IDE au RAID. Kikibadilika, Windows iliyowekwa kwa namna ya awali huweza kushindwa kuwaka; mwenye kompyuta akadhani diski imekufa, akaruhusu ifutwe na nyaraka za miaka mingi zikapotea, ilhali kukirejesha kipengele hicho kilivyokuwa kungetosha.

Kubadilisha betri katika kompyuta ya mezani ni rahisi: zima, chomoa waya wa umeme, kisha weka betri mpya upande wa alama ya kujumlisha ukitazama kama ulivyokuwa. Kompyuta mpakato iachiwe fundi. Betri ya zamani isiachwe mezani, kwa kuwa mtoto akiimeza huweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Apelekwe hospitali mara moja.

Baada ya hapo weka tarehe na mpangilio wa diski upya, zima kompyuta na uiache bila umeme usiku kucha. Asubuhi, saa ikiwa sahihi, betri inafanya kazi.